Mkopo si Nasaba: Kimadura, Kitelugu na Hatari za Ulinganishi

Katika isimu linganishi hakuna kishawishi kikubwa kuliko orodha ya maneno yanayofanana. Mlinganishi akishachora safu mbili, Kitelugu huku na Kimadura kule, akaona bhasha na bhasa kwa maana ya lugha, bhumi na bhume kwa maana ya ardhi, guruvu na ghuru kwa maana ya mwalimu, kalamu yake huanza kukimbia mbele ya hoja. Lugha hizi mbili hazina nasaba moja. Kitelugu, chenye wasemaji zaidi ya milioni 81 kwa sensa ya India ya mwaka 2011, ni cha familia ya Kidravidi. Kimadura, lugha ya kisiwa cha Madura na ya sehemu kubwa ya mashariki ya Java, ni cha familia ya Kiaustronesia. Hilo halina ubishi miongoni mwa wanaisimu. Linalostahili kupingwa kwa nguvu zote ni lile wanalolifanya baadhi ya wahakiki wa fasihi wakishauona mfanano huo: humkabidhi mkopeshaji fasihi nzima ya mkopaji.

Kosa hili ni la kale, na waliolitenda hawakuwa watu wadogo. Franz Bopp, mmoja wa waasisi wa isimu linganishi, alichapisha mwaka 1841 kazi iliyojaribu kuziunganisha lugha za Kimalei na Kipolinesia na ukoo wa Kisanskriti. Mwaka 1926 iliundwa mjini Calcutta Jumuiya ya India Kubwa, ambayo wanahistoria wake walizoea kuziita nchi za kusini-mashariki ya Asia makoloni ya kale ya India. Kwa mtazamo huo, Mjava au Mmadura aliyetunga shairi alikuwa karani tu wa ustaarabu wa wengine.

Ichukuliwe mbili ya Kimadura, dhuwa'. Likiwekwa kando ya dva ya Kisanskriti, neno hili linadanganya hata macho ya msomi. Lakini na isomwe safu nzima, wala si tarakimu moja iliyochaguliwa kwa hila. Tatu hadi saba kwa Kimadura ni tello', empa', lema', ennem, petto'. Kwa Kimalagasi ni telo, efatra, dimy, enina, fito. Kumbe jamaa wa Kimadura yuko Bukini, ng'ambo tu ya pwani ya Waswahili, na dhuwa' ni ndugu wa roa ya huko. Haikupita India hata siku moja. Kitelugu nacho kinahesabu mudu, nalugu, aidu, aru, edu, na mwenye sikio la Kitamili atawatambua watu wa nyumbani kwake mara moja. Tarakimu hazikopwi kwa wepesi kama majina ya vyeo na ibada, na ndiyo maana wapenzi wa orodha fupi huziruka.

Hoja ya pili ya wapinzani ni ya matamshi, nayo ndiyo huwavutia zaidi wasiojua fonolojia. Husema: Kimadura kina konsonanti zenye mpumuo, bh, dh, gh, lugha za India zinazo, basi zimetoka India. Hoja hii inaanguka kwa neno moja tu. Guru ya Kisanskriti haina mpumuo, na guruvu ya Kitelugu haina. Ghuru ya Kimadura inao. Mkopaji ameupata wapi mpumuo ambao mkopeshaji hana? Ameupata kwake mwenyewe. Katika historia ya Kimadura, vipasuo ghuna vya zamani viligeuka kuwa sighuna vyenye mpumuo, na mageuzi hayo yakagusa hata irabu zinazovifuata. Maneno ya kigeni yalipoingia yalifuata sheria ya mwenyeji. Badan ya Kiarabu, ambayo Waswahili wanayo katika badani ya kanzu, imekuwa bhadhan huko Madura, na dunia imekuwa dhunnya. Je, Waarabu nao walijifunza mpumuo India? Wasemaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa mpumuo huohuo, uliobaki baada ya nazali ya ngeli kudondoka, na hakuna aliyewahi kudai kuwa Mombasa iliuagiza kutoka Bara Hindi.

Cha kushangaza ni kuwa Kitelugu chenyewe, kinachotumiwa kama mlango wa kuwaingiza wengine katika milki ya Kisanskriti, kiliwahi kuwa mateka wa hoja hiyohiyo. Kwa kuwa msamiati wake wa maandishi umejaa maneno ya Kisanskriti, wataalamu wa Kizungu walikiandika kuwa mtoto wa Kisanskriti. Mwaka 1816, huko Madras, Francis Whyte Ellis alionyesha katika dibaji ya sarufi ya Kitelugu ya Campbell kwamba mizizi ya lugha hiyo ni ya ukoo mmoja na Kitamili na Kikannada. Miaka 40 baadaye Robert Caldwell aliijenga hoja hiyo kwa upana katika kitabu kizima, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Hata hivyo, Ellis hakuanza na ukurasa mtupu. Wanasarufi wa Kitelugu walikuwa wamekwisha kuyapanga maneno yao: tatsama, yaliyotwaliwa kama yalivyo, tadbhava, yaliyogeuzwa, na deshya, ya nchi yenyewe. Wenye lugha walijua deni lao na walijua mali yao. Aliyechanganya ni mgeni.

Kiswahili kilihukumiwa kwa ushahidi wa namna hiyohiyo, kwa kuhesabiwa maneno ya Kiarabu katika kamusi huku ngeli na viambishi vikiachwa nje ya mahakama. Jina la kitabu linatosha. Kitelugu kimetwaa pustakam kutoka Kisanskriti. Kinapotaka wingi kinasema pustakalu, kwa kiambishi tamati chake. Kimadura kimetwaa buku kutoka Kiholanzi. Kinapotaka kuonyesha wingi kinairudia silabi ya mwisho na kuitanguliza, ku-buku, kama vile nyumba, roma, zinavyokuwa ma-roma. Kiswahili kimetwaa kitabu kutoka Kiarabu, kikaisikia ki- ya mwanzo kama ki- yake, kikazaa vitabu. Lugha tatu zimekopa kitu kilekile kwa wakopeshaji watatu, na kila moja imekiendesha kwa sarufi ya kwao.

Maana nayo huhama. Wamadura wana msemo maarufu wa kupanga heshima: bhuppa', bhabhu', ghuru, rato, baba, mama, mwalimu, mtawala. Ghuru anayekusudiwa hapo ni hasa kiai, mwanachuoni wa Kiislamu mwenye chuo chake cha dini, na ametangulizwa mbele ya mtawala. Kamusi ya Kisanskriti haitamfikisha mhakiki kwa mtu huyo.

Patakuwa na atakayejibu kwamba hati ya carakan, iliyotumiwa kuandikia Kimadura, na hati ya Kitelugu zote asili yake ni Brahmi. Ni kweli, na ni jambo la kutafitiwa. Lakini Kimadura kimeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi bila kubadili ukoo mara tatu.

Zaidi ya hati kuna ushairi, na hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa nyumbani. Nannaya alipoanza kuitunga upya Mahabharata kwa Kitelugu katika karne ya 11, kazi iliyoendelezwa na Tikkana na kukamilishwa na Errana, kisa kilikuwa cha kukopa, na bahari nyingi, kama utpalamala na champakamala, zilikuwa na majina ya Kisanskriti. Lakini washairi wa Kitelugu walizitia bahari hizo sharti ambalo Kisanskriti hakikulidai: prasa, yaani konsonanti ya silabi ya pili iwe ileile katika kila mshororo wa ubeti. Ni kina kilichowekwa karibu na mwanzo badala ya mwisho, na Watamili wanacho kama hicho. Mhakiki anayeziita tungo hizo tawi la fasihi ya Kisanskriti hana budi kueleza konsonanti hiyo ya pili inafanya nini pale.