Uhuru wa Kuyeyusha Risasi Jikoni

Mswahili alipokiita kile kipande kinachotoka bundukini kwa jina lile lile la madini yanayokiunda, hakuwa mvivu wa kutafuta neno la pili. Risasi ni madini, na risasi ndiyo inayoua. Huko Marekani majina ni mawili, na huenda ndiyo sababu wapo watu wazima wengi, wenye elimu na akili timamu, wanaoiogopa sana ile iliyomo ndani ya bastola hata wakaifungia kabatini kwa kufuli, huku ile iliyomo ndani ya sufuria wakiiacha juu ya meza ambayo mtoto anafanyia hesabu zake za shule.

Wanaosemwa hapa ni wale wanaojitengenezea wenyewe risasi za bastola kubwa za silinda, zile za .44 na .45 na nyingine nzito kuliko hizo. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha pigwa, wakayang'oa fataki zilizolipuka, wakayasafisha, wakatia fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani, kisha wakashindilia juu yake risasi waliyoisubu kwa mikono yao. Madini huyapata kwa bei ya chini: vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, mabomba ya maji ya zamani, na hata herufi za mitambo ya kuchapia magazeti, ambazo ni mchanganyiko wa risasi, antimoni na bati. Risasi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 327 tu. Jiko la kawaida linatosha, na hapo ndipo balaa inapoanzia.

Kazi yenyewe ina ustadi, wala hakuna sababu ya kuudharau. Elmer Keith, mfuga ng'ombe wa jimbo la Idaho aliyefariki mwaka 1984, alianza kwa kupasua bastola yake ya .45 kwa kuijaza baruti kupita kiasi, akahamia kwenye .44 ambayo kuta za silinda yake ni nene zaidi, akabuni risasi nzito yenye pua bapa iliyo maarufu mpaka leo. Kwa miaka mingi aliwasumbua wenye viwanda kwa makala na barua, mpaka Remington na Smith & Wesson wakaitoa .44 Magnum katikati ya miaka ya 1950. Risasi yake ina uzito wa gramu 16 hivi na huruka zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 ikaipa sifa ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua. Lakini risasi za kiwandani ni ghali, na mtu anayetaka kupiga mamia kwa mwezi hana budi kugeukia kalibu na sufuria. Sababu hiyo ni ya haki kabisa. Lisilo la haki ni gharama kubebeshwa mwingine.

Ukiwagusa mabingwa hawa kuhusu sumu, jibu lao huwa tayari. Husema kwamba risasi haichemki mpaka ifikie joto la sentigredi 1,749, kwamba hakuna sufuria ya nyumbani inayokaribia joto hilo, na kwa hiyo moshi wa sumu unaosemwa ni hadithi ya waoga. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo ni sahihi! Kwenye joto la kusubia, mvuke wa risasi ni kidogo mno. Lakini nani aliyesema kwamba hatari iko katika mvuke peke yake? Hatari iko katika ule unga wa kijivu unaoenguliwa juu ya sufuria na kumwagwa kwenye kopo. Iko katika vidole vilivyopanga risasi mia mbili na kisha vikashika mkate. Tena iko mahali ambapo wengi hawapatazami kabisa, yaani katika ile mashine ndogo inayotikisa maganda ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Fataki za kawaida zina kemikali ya risasi ndani yake. Zikilipuka, masizi yake hubaki gandani, na mashine huyageuza kuwa vumbi laini ambalo mwenye nyumba hulimwaga kwa kung'uta chujio karibu na dirisha. Anayejitetea kwa kiwango cha mchemko anajibu swali ambalo halikuulizwa.

Vumbi hilo halikai ghalani. Huingia sebuleni kwa viatu na suruali, likatua kwenye zulia, na juu ya zulia yupo mtoto anayetambaa na kutia mkono kinywani. Mwili wa mtu mzima huchukua kama sehemu moja ya kumi ya risasi aliyoimeza, ilhali wa mtoto mdogo unaweza kuchukua karibu nusu. Mwili huidhani kuwa kalisi na kuihifadhi mifupani kwa miongo ya miaka. Mwanamke akipata mimba, mifupa hiyo huiachia tena damuni, nayo ikamfikia aliye tumboni. Walimu ndio wanaolipokea tokeo lake bila kuambiwa chanzo: mwanafunzi asiyetulia, anayesahau, ambaye darasa zima linamwita mjinga. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani yenyewe, ambayo zamani ilimvumilia mtoto mwenye mikrogramu 60 katika desilita moja ya damu, imekishusha kiwango cha kuchukua hatua mara kadhaa, na mwaka 2021 ilikifikisha 3.5.

Je, sheria inasemaje? Tangu mwaka 1978 mfanyakazi wa Marekani anayefanya kazi penye risasi nyingi hewani sharti apewe mavazi ya kazi, mahali pa kuoga, na kupimwa damu. Sufuria hiyo hiyo ikihamishiwa nyumbani kwa mtu, sheria hiyo huishia mlangoni. Mwaka 1976 Bunge lao lilipotunga sheria ya kudhibiti kemikali zenye sumu, liliziondoa risasi za bunduki katika orodha ya vitu vinavyohusika. Mwaka 2010 watetezi wa wanyamapori walipoomba risasi za kuwindia zenye madini hayo zikomeshwe, idara ya mazingira ilijibu kwamba haina mamlaka. Mapema mwaka 2017 marufuku iliwekwa katika hifadhi za wanyamapori za serikali kuu, na wiki chache baadaye waziri mpya, aliyekwenda ofisini siku hiyo akiwa juu ya farasi, akaifuta. Jimbo la California peke yake lilikaza. Tai wake wakubwa walikuwa wamebaki 22 mwaka 1982, wakawa wanaendelea kufa kwa kula mizoga yenye vipande vya risasi. Sheria ya mwaka 2013 ikawalinda, na tangu Julai 2019 imetumika jimbo zima. Hata hivyo sheria hiyo inahusu uwindaji tu. Tai amepata mtetezi, na mtoto wa msubu risasi bado anamsubiri wake.

Watasema kwamba ya nyumbani kwa mtu hayaihusu serikali. Waulizwe basi wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wao walikuwa na adui wa kumwonyesha kidole, na chini ya uongozi wa Phyllis Omido walimfikisha mahakamani, nayo ikawapa haki mwaka 2020. Mtoto wa Idaho au Texas atamshitaki nani, iwapo kiwanda ni meza ya baba yake, na baba huyo anampenda?

Wala hakuna anayedai kwamba kalibu zitupwe mtoni. Sufuria ya risasi isirudi kupikia chakula, na meza ya kazi iwe nje ya nyumba wanamolala watu. Maganda yasafishwe kwa maji badala ya vumbi, na maji hayo yasimwagwe bustanini. Nguo zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto. Anayeuza kalibu alazimishwe kuyaandika hayo juu ya kasha kwa herufi kubwa kama za jina la kampuni yake. Ule msamaha wa mwaka 1976 ufutwe. Na kila daktari anayemwona mtoto katika nyumba yenye meza ya namna hiyo ampime damu, bila kusubiri mzazi aombe.