Deni la Mganga

Kijana wa Karavia amalizapo masomo ya uganga ana deni, kwani wazazi na wajomba ndio waliomlipia karo. Akichagua kuchunguza kwa nini maradhi huwaelemea maskini, jamaa hunung'unika: kazi hiyo haileti fedha upesi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ilikubali serikali imlipie mchunguzi wa namna hiyo deni lake la masomo. Kwetu mlipaji ni jamaa. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaao karibu na migodi ya Katanga hubeba kobalti nyingi mwilini. Nani angetujulisha, kama wote wangekimbilia fedha?

Basi wazazi, mpeni nafasi alipe polepole. Nanyi vijana, deni lililongojewa halikufutwa.