Ukitoka Nairobi, unalipia chakula au unalipia kiti?

Chukua risiti ya mwisho uliyopewa kwenye mkahawa wa mjini na uitazame pale chini, kabla ya jumla. Tuseme ulikula cha Sh1,180. Anachobaki nacho mwenye mkahawa ni Sh1,000 kamili. Sh160 ni VAT ya asilimia 16, na Sh20 ni ile tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo unailipa hata kama mtalii pekee mezani ni binamu yako aliyeshuka basi la Kakamega asubuhi hiyo.

Sasa kwenye hiyo thao iliyobaki toa kodi ya jengo, stima, mishahara, mlinzi wa mlangoni na Wi-Fi. Nyama na viazi vinasubiri nyuma ya foleni. Ndiyo maana kahawa moja inaweza kukugharimu Sh350 au hata 400 ilhali ndani ya kikombe mna gramu 18 hivi za kahawa, na hata iwe imetoka Nyeri kwenye shamba bora kabisa, gramu 18 haziwezi kufika bei hiyo. Kilichofika bei hiyo ni kiti. Umenunua saa mbili za kukaa mahali hakuna mtu atakayekuuliza unafanya nini hapo.

Nimekuwa nikiliwaza hili kila nikisikia wakubwa wakisema vijana wa siku hizi wanapenda raha. Ati tunalia kuhusu gharama ya maisha ilhali kila Ijumaa mikahawa ya Kilimani na Westlands imejaa. Ni kweli imejaa. Lakini hebu fikiria anapoishi kijana wa kawaida aliye na kazi yake ya kwanza hapa Nairobi: bedsita ya Roysambu, au kwa wazazi Umoja akilala na wadogo zake chumba kimoja. Akitaka kuongea na mpenzi wake, kukutana na mtu wa kazi, au kukaa tu na mbogi yake bila shangazi kupita akisikiliza, ataenda wapi? Kiti chake cha nyumbani ni kitanda.

Januari 2022 KFC iliishiwa na chipsi humu nchini. Viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka ng'ambo na mizigo ikachelewa. Wakenya mtandaoni waliwaka, na haki yao, kwa sababu wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi tele. Lakini siku hiyo hiyo chipo mwitu zilikuwa zikikaangwa kila mtaa wa Nairobi, moto, kwa soo moja au chini yake, na hakuna aliyekosa chipsi nchini Kenya. Waliolalamika, nami nikiwemo, walikosa kitu kingine: meza safi, choo kinachofanya kazi, na mahali pa kukaa na marafiki palipo na mwanga mzuri wa picha. Kwa ladha peke yake, mimi nitachukua bhajia za mtaani siku yoyote. Pilipili ya ukwaju imewashinda hao wageni wote.

Na hapo ndipo kibandaski inaposhinda na kushindwa kwa wakati mmoja. Chapo dondo kwa soo moja, ugali matumbo kwa soo na nusu, chai umeongezewa bila kuomba. Biashara ambayo mauzo yake hayafiki Sh5 milioni kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT, kwa hivyo mama wa kibanda hakutozi ule ushuru moja kwa moja. Unamfikia kwa mlango wa nyuma, kupitia bei ya vitu anavyonunua. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, ngano na mafuta ya kupikia vilipanda bei, na chapati ya kumi ikaanza kupotea. Leo ni ishirini sehemu nyingi, na zile za kumi zilizobaki ukiinua moja juu unamwona mtu wa upande wa pili.

Lakini kibanda hakiuzi kiti. Kina benchi moja, la watu watano, na nyuma yako kuna mtu wa mjengo amesimama na sahani akikutazama kooni. Dakika kumi umemaliza, umelipa kwa M-Pesa, umeondoka. Huwezi kumtoa mtu deti pale, ingawa nimejaribu na haikuwa mbaya sana. Zaidi ya yote, kibanda chenyewe hakina uhakika wa kesho. Kanjo wakipita na lori lao, sufuria, meza na mwamvuli vyaweza kwenda, na lile benchi la watu watano nalo likaenda.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wanaume tunaosifu vibanda huwa tunaliruka. Rafiki zangu wa kike waliniambia wazi: saa mbili usiku, kando ya barabara isiyo na taa, hiyo chapo dondo si rahisi tena. Ongeza nauli ya boda au teksi ya kukufikisha mlangoni kwa sababu hutaki kutembea kutoka steji. Mkahawa wenye mlinzi na maegesho yenye taa unauza usalama pia, na msichana analipia usalama huo kila anapotoka. Ukimwona ameagiza soda moja na kukaa nayo saa tatu, jua anajaribu kupunguza kodi hiyo.

Upande wa klabu, mambo ni yale yale, ila kelele imeongezeka. Tangu sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoibatiza ya Mututho, baa zinapaswa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za wiki na kufungwa saa tano usiku. Kisha ikaja Corona. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021. Kwa mwaka mmoja na nusu watu walijifunza kusherehekea jua likiwaka, na wengine hawakurudi tena usiku. Sherehe za mchana zikashika, zenye tiketi ya mapema, nguo za rangi moja na dijei anayeanza saa nane. Kwangu mimi ni sawa, kwa maana Jumapili naamka na kichwa changu. Lakini angalia zinavyouzwa: kuingia ni pesa moja, kukaa ni nyingine. Meza haipatikani mpaka mnunue chupa, na chupa hiyo bei yake ukiijua ya dukani utatamani kulia. Wasio na meza wanasimama saa sita kando ya ukuta wakishika glasi iliyokwisha barafu.

Mwaka 2022 Gavana Johnson Sakaja aliamuru klabu zilizo kwenye makazi ya watu zikome. Wakazi wa Kileleshwa na Kilimani walikuwa na kesi ya haki; mtoto wa shule hawezi kulala na amapiano ikitikisa dirisha. Nilichongoja kusikia ni sehemu ya pili ya sentensi, kwamba basi vijana waende wapi. Majumba mengi ya sinema ya katikati ya jiji yaligeuka makanisa na maduka zamani. Odeon kwa kizazi changu ni jina la steji ya matatu, na sijui wangapi kati yetu wanajua kwamba lilikuwa jina la sinema.

Matokeo yake yanaonekana kwenye simu. Fuliza ilipokuja 2019 ilikuwa ya kukuokoa umekwama na nauli. Sasa inalipa nusu ya bili za Ijumaa. Mnachanga, mmoja ana soo tatu, mwingine "niko na Fuliza," mhudumu anasoma namba ya tili, na mambo yanaisha vizuri. Jumatatu mtu anakutumia elfu mbili uliyomdai, na kabla hujaishika deni limekatwa pamoja na ada yake. Kiti cha Ijumaa unaendelea kukilipia ukiwa kazini.

Tena si kwamba watu hawa hawajui raha ya bure ikoje. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, wimbo wa Anguka Nayo wa Wadagliz ulitoka klabuni ukawa wa barabarani. Klabu nazo zilijaa nyimbo za kuupinga mswada, watu wakiimba mbele ya dijei kana kwamba wako bungeni. Julai 7, Saba Saba, tukajaa Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa. Hapakuwa na meza ya kununua. Watu walikaa kwenye nyasi, wageni kwa wageni, wakagawana maji na njugu. Bustani hiyo hiyo mwaka 1989 ilitaka kujengwa jumba la orofa 60, na Wangari Maathai akasimama kidete mpaka mradi ukafa. Tungekuwa tumekaa wapi siku ile?

Agosti 2025 ikatokea tena kwa njia ya furaha zaidi. Harambee Stars waliwachapa DR Congo 1-0, kisha Morocco 1-0, pale Kasarani kwenye CHAN, na kwa wiki tatu hivi hakuna mtu niliyemjua aliyeuliza form ya wikendi ni gani. Ilikuwa Kasarani. Watu walikula smocha nje ya geti, wakapaka nyuso rangi, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Madagascar walitutoa kwa penalti kwenye robo fainali, na Ijumaa iliyofuata tukarudi kule kule, kuulizana nani amewahi kuweka meza.

Mbogi yangu kwa sasa tuna mpango wa Burma. Tunachanga soo tatu tatu, tunachukua kilo moja ya mbuzi, ugali, kachumbari, na muuzaji anatukatia kwenye ubao bila haraka. Hatudaiwi chupa ndipo tukae. Tatizo ni kwamba tukishiba ni saa moja na nusu hivi, nyuma yetu kuna watu wanasubiri ubao ule ule, na bado tuna hadithi. Hapo ndipo mjadala mrefu huanza, tukiwa tumesimama kando ya Jogoo Road: twende mahali tukanunue soda za Sh250 ili tukae, ama kila mtu apande matatu aende kwake? Mara mbili mwezi uliopita tulimalizia hadithi ndani ya matatu, gari likiwa limekwama kwenye jam, na kwa nauli ya soo moja hicho ndicho kiti cha bei nafuu zaidi tulichopata usiku huo.