Acheni Kumwambia Mlevi Ajikaze

Kuanzia Kahama hadi Katoro, mtaje kijana aliyeharibiwa na pombe uone utakavyojibiwa: hana nia huyo, akiamua ataacha. Wakwe wanasema hivyo, mwenyekiti wa kitongoji anasema hivyo, hata mama muuza gongo anayemkopesha anasema hivyo. Imani hii ni ya kikatili, na ni ya uongo.

Mchimbaji wa dhahabu anayeteremka kwa kamba ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, tochi kichwani, huku akijua kifusi kinaweza kumfunika, hajapungukiwa nia. Wiki nzima analishwa ugali na mwenye duara, mfukoni hana kitu, kazi inakwenda. Kisha mawe yanasagwa kwenye karasha, dhahabu inashikwa kwa zebaki, inauzwa, na mgawo unatoka. Pesa iliyosubiriwa muda mrefu inaingia kwa mkupuo, na gongo liko hatua chache tu. Hapo mwili unakumbuka kabla kichwa hakijafikiri: koo linakauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Ukimwambia "jikaze" saa hiyo, unamtuma akapigane na adui asiyemjua hata sura.

Kuondoa chupa nako hakutoshi. Machi 1, 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba. Ilifanya vyema, lakini kiu ilibaki palepale, na gongo halikuwahi kusubiri leseni. Kwa heroini tumekuwa na busara zaidi: tangu 2011 Muhimbili inawapa waraibu dawa ya methadoni, kwa kuwa tulikubali kwamba uraibu ni ugonjwa. Mlevi wa machimbo ya Nyarugusu kwa nini tumwachie matusi tu?

Na dawa si njia pekee: Wabudha wameichunguza hamu ya namna hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Wanafundisha kwamba mateso yana mzizi katika kutamani, na kwamba tamaa ikitazamwa kwa utulivu huonekana ilivyo: huja, hupanda, hupita. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alilipeleka zoezi hilo kwenye tiba ya ulevi, akiifananisha hamu ya kunywa na wimbi ambalo mtu hulipanda hadi livunjike. Mwaka 2014 mtafiti Sarah Bowen na wenzake walichapisha utafiti wa watu 286 waliokwisha kumaliza matibabu ya awali. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa zoezi hili walikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa za kulevya na kulewa kupindukia kuliko waliopewa huduma nyingine.

Zoezi lenyewe halidai sanamu wala ubani. Mtu anakaa, hata juu ya mfuko wa mawe, anafuata pumzi yake. Hamu ikija haifukuzi wala hajifanyi haipo. Anaiuliza: uko wapi? Kooni? Kifuani? Unakaza au unalegea? Anaitazama bila kuitii, mpaka ishuke. Kesho itarudi, ila itamkuta mtu anayeifahamu.

Najua nitaambiwa hiyo ni dini ya kigeni, inaingiza mapepo. Ajabu ni kwamba baadhi ya wasemao hivyo hawaoni tabu kwenda kwa mganga kutafuta bahati ya dhahabu. Wabudha wana hekalu lao Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, na mapepo hayajauvamia mji. Mkatoliki atabaki na rozari yake, Mwislamu na swala yake.

Lakini pumzi si dawa ya kila kitu. Mnywaji wa kila siku akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali, chini ya macho ya daktari. Kwa mtu huyo "jikaze" inageuka kuwa ushauri wa kuua.

Kwa hiyo vituo vya afya vya Geita na Shinyanga viwape wauguzi mafunzo haya, na wenye maduara waache kugawia watu pesa zao mlangoni mwa kilabu. Na wewe unayeendelea kusema "akiamua ataacha", kaa dakika kumi uitazame hamu yako ya sigara, ya simu au ya umbea bila kuitii. Ukishindwa, usimtukane mwenzako.