KURUTU NAYE APEWE KALAMU

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari, nao hawakusema kuwa bahari hiyo ina lango lililoandikwa "Wanajeshi Wasipite". Hata hivyo, wasomaji wapendwa, ukisikiliza maneno yetu wenyewe humu shuleni utadhani lango hilo lipo. Matokeo ya mtihani yakitoka na mwenzetu akaburuta mkia, mtani hakosi: "Wewe usijali, miguu unayo, nenda jeshi!" Basi bweni zima hucheka. Nami leo nimeshika kalamu kupinga kicheko hicho.

Si sisi wanafunzi pekee. Hapa Kisii na Nyamira mzazi humgawa mtoto kama anayepanga mzigo. Huyu mwenye akili aende chuo kikuu awe daktari au wakili. Yule mwenye kifua kipana aende jeshi. Tangazo la kuandikisha makurutu likitoka, umati wa vijana hufika uwanjani na bahasha za khaki mkononi, kutoka Ogembo hadi Keroka, kutoka Suneka hadi Nyansiongo. Hupimwa urefu na uzito, hukaguliwa meno, hukimbizwa mbio. Vyeti navyo hukaguliwa, lakini kijijini habari inayosimuliwa jioni ni ya mbio tu. Ni kana kwamba bunduki hubebwa na miguu.

Mimi nasema jeshi ni shule, tena shule ndefu kuliko hii yetu. Nasema pia kwamba shule hiyo ina kasoro moja kubwa: mlango wa afisa ni mpana na wa kurutu ni mwembamba. Kasoro hiyo ikirekebishwa, faida itafika mpaka kwenye migomba yetu huku nyumbani.

Hebu kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwa Omogusii. Zamani vijana wa kiume walikaa katika ebisarate, yaani kambi za kulinda ng'ombe. Humo hawakufunzwa kurusha mkuki tu. Walifunzwa subira, umoja, jinsi ya kuifahamu nchi, na adabu mbele ya wazee. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, maana ilijua kwamba penye vijana waliofunzwa pamoja pana nguvu. Ilikuwa imekwisha kuionja nguvu hiyo mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa wa kikoloni Northcote, baada ya Moraa, yule mama nabii, kuwatia vijana moyo.

Miaka sita baadaye vita vya wazungu vilifika mlangoni petu. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii wakapigana na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu hulijua kama Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia Keya hao hao walipelekwa mpaka Burma. Wakati wa vita vile wakubwa waligundua kwamba askari asiyejua kusoma ramani wala ilani ni mzigo. Wakaunda kikosi maalumu cha elimu, na walimu Waafrika wakawafunza askari wenzao kusoma na kuandika. Kwa hiyo kuna watu walioijua alifu na be wakiwa wamevaa magwanda. Ni nani basi atuambie kwamba jeshi na kitabu ni paka na panya?

Tuje sasa kwenye Kenya yetu. Afisa wa jeshi haachi kusoma. Huanza katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, Nakuru. Akitoka hapo na cheo cha luteni, huitwa tena na tena kwa kozi za kazi yake, iwe mizinga, uhandisi, mawasiliano au urubani. Akifika umeja au karibu na hapo, bora wao huchaguliwa kwenda chuo cha maafisa wanadhimu kilichoanzishwa Karen mwaka 1984, na huko husoma karibu mwaka mzima. Akiwa kanali au brigedia anaweza kupelekwa Chuo cha Taifa cha Ulinzi, kilichofunguliwa mwaka 1997, ambako hukaa darasa moja na wakubwa wa serikali na maafisa wa nchi za kigeni, wakijadili uchumi, siasa za dunia na usalama wa taifa. Mwaka 2021 vyuo hivi viliunganishwa chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati yake mwaka huo huo.

Chukua mfano wa marehemu Jenerali Francis Ogolla, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 akiwa Mkuu wa Majeshi. Alijiunga na jeshi mwaka 1984. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita Marekani, akasoma Paris, akapitia Chuo cha Taifa cha Ulinzi. Juu ya hayo alipata stashahada Chuo Kikuu cha Egerton, kisha shahada ya kwanza na ya uzamili Chuo Kikuu cha Nairobi. Je, huyo ndiye mtu "aliyeshindwa na masomo"? Au mtazame Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mwanajeshi aliyesimamia mazungumzo ya amani ya Sudan mpaka mkataba ukatiwa sahihi jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Vita vya miaka mingi vilimalizwa mezani, na kazi ya mezani haihitaji kifua kipana.

Hayo ni ya maafisa, nami nayasifu. Swali langu ni hili: na kurutu je?

Kurutu huenda Eldoret, katika shule ya makurutu iliyo Moi Barracks. Huko hufinyangwa barabara, si mchezo. Baadaye hupata kozi za silaha, na akitaka kuwa koplo au sajini hufanya kozi za uongozi wa kikosi. Wenye bahati ya kuwa mafundi hufunzwa katika Chuo cha Ufundi cha Majeshi kule Embakasi, na hao hutoka na ujuzi wenye cheti. Lakini askari wa miguu, yule anayelala kwenye mchanga wa Somalia, mafunzo yake mengi hubaki kambini. Siku akirudisha magwanda, ujuzi wake hauna karatasi inayousemea.

Na askari wa vyeo vya chini hawangoji miaka 60 kama walimu wetu. Wengi hurudi nyumbani wakiwa bado na nguvu, na watoto wao wakiwa bado shuleni. Kijijini kwetu yupo koplo mstaafu aliyewahi kuongoza wenzake kumi usiku kucha penye hatari, akajifunza huduma ya kwanza, redio na kutunza injini ya lori kubwa. Alipoomba kazi ya ufundi aliulizwa cheti. Hakuwa nacho. Leo analinda geti la duka usiku, na mwenye duka humwita "soja". Sisemi kulinda geti ni aibu, kazi ni kazi. Nasema nchi iliyotumia pesa nyingi kumfunza mtu, kisha ikautupa ujuzi wake getini, haijui hesabu.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Askari akisoma sana hatatii amri." Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa hiyo acha niijibu taratibu.

Tarehe 24 Januari 1964, siku chache tu baada ya askari wa Tanganyika kuasi, na wale wa Uganda kufuata, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapo hapo Lanet. Walikuwa wanalalamikia mshahara, na hawakupenda kuona uhuru umekuja ilhali Waingereza bado ndio maafisa wao. Hawakuasi kwa sababu ya kusoma sana. Waliasi kwa sababu hawakuiona njia ya kupanda. Sasa mtazame Idi Amin. Aliingia Keya mwaka 1946 akiwa na masomo haba mno. Alikuwa bondia hodari, mwenye nguvu na utiifu, na Waingereza wakampandisha kwa hayo hayo: efendi mwaka 1959, luteni mwaka 1961. Ilipofika tarehe 25 Januari 1971 mtiifu huyo aliipindua serikali ya Uganda, na yaliyofuata kila mtu anayajua. Utiifu usio na elimu ni kama jiwe mlimani. Hutulia mpaka siku linapobingirika.

Mpinzani wangu bado ana karata moja. Ataniambia, "Na tarehe 1 Agosti 1982 je? Waliojaribu kupindua serikali ya Kenya walitoka Jeshi la Anga, wenye masomo na ufundi." Ni kweli. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini. Lakini kujua kutengeneza ndege si sawa na kujua katiba. Mtu aliyefunzwa ufundi na kunyimwa mafunzo ya sheria, historia na uongozi amesoma nusu, na nusu hiyo ndiyo hatari. Dawa ya nusu si sifuri, jamani. Dawa ya nusu ni nzima.

Tena leo hitaji hilo ni kubwa zaidi. Katiba ya 2010 inasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia, na visipendelee chama chochote cha siasa. Mnamo Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana, wanajeshi walitumwa kusaidia polisi, na jambo hilo likafika Mahakama Kuu. Jenerali hakuwa pale barabarani mbele ya kijana wa umri wangu. Aliyekuwa pale ni askari wa kawaida. Katika dakika kama hiyo ningependa aliyeshika bunduki awe amesoma katiba kwa makini kuliko nilivyosoma mimi.

Wengine watasema hakuna pesa. Mbona Marekani tangu mwaka 1972 wana chuo kizima cha masajini meja kule Fort Bliss, Texas? Najua sisi si matajiri kama wao. Lakini vyuo tayari tunavyo. Kisii kuna chuo kikuu na chuo cha ufundi cha kitaifa. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, yenye kazi ya kupanga vyeti vyote nchini katika ngazi moja. Kinachohitajika ni makubaliano: kila kozi ya kambini ipimwe, ipewe ngazi, na iandikwe kwenye cheti anachokijua mwajiri wa Kisii mjini kama anavyokijua kamanda wa Isiolo.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, siwezi kumaliza bila kuitetea lugha yetu. Enzi za Keya, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambini, na ofisa Mwingereza alilazimika kujifunza. Jirani zetu wa Tanzania huamrisha gwaride kwa Kiswahili mpaka leo, na chuo chao cha Duluti, Arusha, kinaitwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Jina tamu hilo! Majeshi yetu yalipokwenda Goma mwaka 2022 na kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hawakuhitaji mkalimani kumwuliza mama wa sokoni hali yake. Basi Kiswahili fasaha kifundishwe kambini kama somo lenye mtihani. Sajini anayejua kusema na raia huzima fujo nyingi kabla ya risasi ya kwanza.

Kwa hayo yote nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wakuu wa majeshi: Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kiteremshe ngazi yake mpaka kwa koplo, ili naye asome kidogo kidogo katika utumishi wake wote, kama afisa anavyosoma. La pili ni kwa wazazi wetu: acheni kuuza ng'ombe na kipande cha shamba ili kumnunulia kijana nafasi. Majeshi yenyewe hutangaza kila mwaka kwamba nafasi haziuzwi, na vijana wenye barua za kughushi wamewahi kunaswa huko huko Eldoret. Ng'ombe huyo mlipieni karo.

La tatu ni kwetu sisi wanafunzi, wavulana na wasichana pia, maana mwaka 2024 mwanamke, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, aliteuliwa kuliongoza Jeshi la Anga la Kenya. Ukitaka jeshi, litake ukiwa na kitabu mkononi. Hisabati hulenga mzinga, jiografia husoma ramani, historia hukuambia kwa nini uko mpakani. Na mwenzako akikuambia uende jeshi kwa sababu umefeli, mjibu hivi: huko ninakokwenda kuna mitihani mpaka uzeeni, wewe je, umejiandaa kusoma muda wote huo?