Aliyenyongwa Hakati Rufaa



Tarehe 26 Novemba 2019, majaji watano wa Mahakama ya Shirikisho ya Malaysia, iliyo mahakama ya juu kabisa nchini humo, waliifuta hukumu ya kifo aliyokuwa amepewa mama mmoja raia wa Australia, mwenye watoto na wajukuu. Kosa aliloshtakiwa lilikuwa kusafirisha dawa za kulevya. Alitoka kizuizini akiwa mtu huru, baada ya miaka karibu 5. Kisa hiki ni cha mbali, lakini kina fundisho kwa kila aliyepigania mageuzi katika nchi hii.

Mama huyo alikamatwa Desemba 2014 katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, akitoka Shanghai kurudi Australia. Ndani ya bitana ya begi alilokuwa nalo zilipatikana zaidi ya kilo moja za methamfetamini. Alieleza kwamba alikuwa amelaghaiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mwanajeshi wa Marekani, aliyemposa kwa maneno matamu bila kuonana naye ana kwa ana. Alikwenda Shanghai kwa shughuli za mchumba huyo, na huko akapewa begi alipeleke Melbourne. Tena alikuwa msafiri wa kupita tu Malaysia, na bado yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka begi lile kwa wakaguzi.

Desemba 2017 Mahakama Kuu ilimwamini, ikamwachilia. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Mei 2018 Mahakama ya Rufaa ikamhukumu kunyongwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Shirikisho ikarejesha uhuru wake.

Tutafakari, ndugu zangu. Begi ni lile lile, ushahidi ni ule ule, maelezo ya mshtakiwa ni yale yale. Mahakama ya kwanza ilisema aende nyumbani, ya pili ikasema anyongwe, ya tatu ikasema aende nyumbani. Majaji wote walikuwa wasomi waliokula kiapo. Ikiwa watu wa namna hiyo wanaweza kutofautiana kiasi hicho juu ya yaliyomo moyoni mwa mwanadamu, ni nani atakayethubutu kuweka kitanzi juu ya hukumu ya mmoja wao? Kilichomwokoa mama huyu ni kwamba alikuwa na mawakili, alikuwa na haki ya rufaa, na zaidi ya yote alikuwa bado anapumua. Kifungo kikitolewa kwa makosa, mlango hufunguliwa. Aliyenyongwa hakati rufaa.

Hatari hiyo huzidi pale sheria inapomgeuzia mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha. Katika Malaysia, aliyekutwa na begi alidhaniwa na sheria kuwa analimiliki na kujua kilichomo, na kwa uzito wa dawa alidhaniwa tena kuwa mfanyabiashara wake. Dhana ilijengwa juu ya dhana, na juu ya zote mbili kikawekwa kifo. Aprili 2019, katika rufaa ya wanawake wawili, mmoja wa Ufilipino na mwingine wa Thailand, Mahakama ya Shirikisho ilitamka kwamba kuzibebanisha dhana hizo kulikiuka Katiba. Mwaka 2023 Bunge likaifuta adhabu ya kifo ya lazima, na wafungwa waliokuwa wakingoja kunyongwa wakaruhusiwa kuomba hukumu zao zitazamwe upya.

Wapo watakaouliza kama tunawatetea wauza unga. La hasha! Tunajua maafa ya heroini huko Mombasa, Malindi na Lamu, na wachungaji wetu wamewazika vijana wengi mno. Lakini tutazame ni nani hasa anayepelekwa kitanzini. Mwenye mali hapandi ndege na begi. Hupanda maskini aliyeahidiwa kazi, au mjane aliyeahidiwa ndoa. Katika kesi hii ya Malaysia, aliyejiita mwanajeshi hakusimama kizimbani. Kumwua mchukuzi ni kuua shahidi ambaye angeweza kututajia mwenye mzigo.

Jambo hili limekwisha kutugusa sisi wenyewe. Machi 2025 mahakama moja ya Ho Chi Minh City, Vietnam, ilimhukumu kifo Mkenya kwa kusafirisha kokeini. Makanisa yalisali, na serikali yetu ikaomba huruma. Juni mwaka huo huo Bunge la Vietnam likaiondoa adhabu ya kifo kwa makosa 8, likiwemo kusafirisha dawa za kulevya, na kuagiza kwamba waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa hayo wabadilishiwe kifungo cha maisha. Tunamshukuru Mungu. Lakini tuliomba huruma ugenini tukiwa na kitanzi chetu nyumbani. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haikuweka adhabu ya kifo, ilhali sheria ya jinai imeiweka kwa mauaji na kwa wizi wa kutumia nguvu. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000, na mwaka 2016 Rais Kenyatta akawabadilishia 2,747. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo katika kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba, lakini mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo haukuhusu makosa mengine. Hivyo uhai wa wengi umetegemea hisani ya rais. Hisani si haki: aliyeitoa leo anaweza kuinyima kesho.

Sisi tunaokumbuka mwaka 1988, Bunge la chama kimoja lilipowaondolea majaji hakikisho la kazi zao, tunajua jinsi mahakama inavyoweza kutiwa woga. Hakikisho hilo lilirejeshwa mwaka 1990. Lakini je, waliohukumiwa kifo katika kipindi hicho walipata majaji huru? Swali hilo peke yake latosha kukitupa kitanzi.

Wakristo wanakijua kisa cha Nabothi. Mashahidi wa uongo walisimama, hukumu ikatolewa kwa utaratibu, na Eliya alipofika kusema kweli, mwenye shamba alikuwa amekwisha kupigwa mawe. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadili Katekisimu ya Kanisa Katoliki ili iseme kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Mimbari zetu ziseme hivyo bila kigugumizi.

Basi tutende. Kila parokia na kila kikundi cha haki na amani kimwandikie mbunge wake, kikidai adhabu ya kifo ifutwe kwa sheria wala si kwa msamaha. Tudai fedha za msaada wa kisheria, ili maskini asisimame peke yake mbele ya jaji. Tudai balozi zetu ziwafikie Wakenya walio kizuizini ugenini mara wanapokamatwa, si baada ya hukumu. Na tuwaonye vijana wetu: usibebe begi usilolifunga mwenyewe.

Haki ikichelewa huumiza, lakini mtu aliye hai anaweza kuingoja.