Wote "deslocado", lakini hatufanani

Jamani, leo tuliongelee hili neno. Kwenye fomu tunaandikwa deslocado. Wenyewe tukiongea tunasema mkimbizi, yaani yeyote aliyekimbia, basi, wote tumetiwa gunia moja. Sisi tunaojitolea kuandikisha watu tunaliona gunia hilo linavyoumiza.

Angalieni Quitunda, karibu na Palma. Kijiji kile kilijengwa kwa ajili ya watu waliotolewa Afungi, wa Quitupo na kwingineko, ili kupisha mradi wa gesi. Halafu tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa, maelfu wakakimbilia hapohapo Quitunda, wengine na nguo za mwilini tu. Ukiuliza, wote "wamehamishwa". Lakini huyu anadai fidia ya shamba lake na pwani aliyokuwa anavulia, yule anataka chakula, turubai na kitambulisho kipya. Waandike pamoja uone: mmoja atapunjwa, na mara nyingi ni yule asiyejua Kireno.

Kuna na waliovuka Mto Ruvuma wakaingia Tanzania. Kwa Mkataba wa 1951, aliyevuka mpaka kuokoa maisha anaweza kuwa mkimbizi kamili. Aliyebaki ndani ya nchi ana mkataba mwingine, ule wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala 2009. Sasa mwaka 2021 maelfu walirudishwa kupitia Negomano. Mama aliyelala ng'ambo jana na leo yuko huku, tumwite nani? Fomu inasema deslocado, na safari yake yote imefutika hapo.

Na shangazi wa Paquitequete, pale Pemba, aliyepokea ndugu kumi na tano ndani ya vyumba viwili? Yeye hakukimbia popote, kwa hiyo hayumo kwenye lista. Sufuria lake lakini limekimbiwa na kila kitu!

Hatusemi neno litupwe. Siku boti zinafika ufukweni, watu wana kiu, hesabu vichwa haraka, neno moja linatosha. Ila wiki ya pili, kaka na dada zetu wa mashirika, ulizeni tena, kwa Kimwani au Kimakonde: umetoka wapi, nani alikutoa, umepitia wapi, unalala kwa nani? Nafasi ya kuandika ipo. Chini ya fomu kuna mistari ya observações ambayo karibu kila siku inarudi mitupu.